Uji wa Bi Joha

Uji ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomtia Sikuzani wasiwasi.

Alikuwa amemwambia mama mkwe wake, mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa kukazia, kwamba daktari amekataza sukari. Si kijiko, si nusu kijiko, si ya kuonja. Bi Joha akaapa, mkono kifuani, kwamba mfuko wa sukari ameufunga na kuupandisha juu ya kabati. "Wallahi, mwanangu, hata chembe." Na sasa uji ulikuwa na pilipili manga, ulikuwa na tangawizi, na chini ya vyote hivyo palikuwa na utamu mzito ambao Sikuzani hakuweza kuutambua. Tangu upasuaji ulimi wake ulikuwa umegeuka. Hata maji ya mtungini yalikuwa na ladha ya chuma.

Alimeza mafunda machache kwa heshima. Haukupita muda moyo ukaanza kumwenda mbio, jasho likamtoka shingoni, tumbo likasokota, chumba kikazunguka. Akalala chali akitazama mabati. Bi Joha akaja mlangoni, akamwangalia, akatikisa kichwa, akasema jambo kwa Kisagara, lugha ambayo Sikuzani hakuielewa, kisha akaondoka bila kuuliza kitu.

Sasa wewe ungefikiri nini? Basi na yeye alifikiri hivyo hivyo.

Huko Mikumi Sikuzani alijulikana. Mgahawa wake ulikuwa kando ya barabara kuu, na madereva wa malori yanayotoka Tunduma walikuwa wanapitiliza migahawa mingine ili wafike kwake wale wali nyama. Mwili wake mkubwa ulikuwa sehemu ya biashara. Madereva walisema mpishi mwembamba hana ushahidi. Alicheka nao, lakini usiku magoti yalimuuma, presha ilipanda, sukari ya damu ilipanda, na katika miaka minane ya ndoa hakuwahi kushika mimba. Daktari mmoja wa Dar es Salaam akamwambia kwamba uzito ukipungua mengi yatapungua nao, na huenda hata lile jambo lingine likafunguka. Ni hilo la mwisho lililompandisha kitanda cha upasuaji. Walilikata tumbo lake la chakula, wakamwachia kifuko cha ukubwa wa yai la kuku, na wakamfundisha kula upya kama mtoto mchanga: kwanza maji maji, kisha vilivyosagwa, funda kwa funda, na maji yasifuatane na chakula.

Alimwambia mumewe, Yassin, na alimwambia Grace, msaidizi wake wa mgahawani. Basi. Wengine wote aliwaficha, kwa sababu aliona aibu. Aliwajua watu wa Mikumi. Wangesema mpishi mzima kaenda kukatwa utumbo ili afanane na wasichana wa kwenye simu. Na aliyemwonea aibu kuliko wote alikuwa mama mkwe. Akamwambia Yassin, "Mwambie mama nimefanyiwa upasuaji, na umwombe asiniulize chochote." Yassin ni dereva wa watalii katika hifadhi, mtu mpole na mtiifu, na ukimwambia asiseme, hasemi hata nyumba ikiungua. Alimwambia mama yake maneno yale yale, hakuongeza wala kupunguza.

Bi Joha alijibu siku hiyo hiyo: "Mleteni kwangu."

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza, kama unataka kuujua mzizi wake. Bi Joha hakuwahi kumwalika Sikuzani kukaa kwake Mabwerebwere, Kilosa. Walionana sikukuu kwa sikukuu, shikamoo na marahaba, na kila mara macho ya mama mkwe yalianza kwenye tumbo ndipo yakapanda usoni. Mke wa mtu ambaye hajazaa huyajua macho hayo. Hata hivyo Sikuzani alikwenda. Asingeweza kupona katikati ya harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na masufuria ambayo alikatazwa kuyanyanyua, na Yassin alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa na vumbi la tembo kichwani.

Na kule Kilosa, mambo yakaanza kuwa mambo.

Kwanza, wageni. Jirani akibisha hodi, Bi Joha alimwahi uani, akamnong'oneza, na jirani akaondoka bila kuingia. Siku moja alikuja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alilia kidogo tu, na Bi Joha akamsukuma mama wa watu hadi nje ya uzio kana kwamba kaleta moto. Sikuzani alikuwa dirishani. Aliona yule mama akigeuka kulitazama dirisha, kisha akaziba mdomo kwa kanga.

Pili, kutoka nje. Daktari alimtaka atembee kila siku, damu isigande miguuni. Bi Joha hakutaka hata kusikia. "Utazunguka humu humu uani. Nje bado." Bado nini? Hakusema.

Tatu, ile kamba. Sikuzani aliiita kamba, ingawa ilikuwa kanga kuukuu iliyokunjwa ikawa ukanda mrefu. Asubuhi moja Bi Joha aliingia nayo begani, na mikononi beseni la maji yanayofuka mvuke.

"Vua nikukande, mwanangu. Kisha tukufunge."

"Mnifunge nini, mama?"

"Tumbo."

Sikuzani akashika dera lake kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na mikato yake ya upasuaji, ambayo hakutaka mtu aione, na kwa vyovyote maji ya moto juu ya vidonda vibichi lilikuwa jambo la wazimu. Akakataa. Bi Joha akabembeleza, akakataa. Bi Joha akaomba angalau aone kidonda kinavyoendelea, akakataa tena. Ndipo mama mkwe akachoka, na likamtoka kabla hajalipima: "Mficha uchi hazai!"

Bi Joha mwenyewe akaziba mdomo. Macho yakamjaa maji, akachukua beseni lake na ukanda wake akatoka karibu akijikwaa. Ni methali tu, kila mtu huisema, hata karani wa ofisini humwambia mtu asiyetaka kueleza shida yake. Lakini kuna nyumba ambazo methali hiyo haisemwi, na kuna mwanamke ambaye haambiwi. Sikuzani alilia mpaka kwikwi zikamuuma vidonda. Alichukua simu akampigia Grace.

Grace hajawahi kuolewa, lakini kwa habari za mama wakwe ana shahada.

"Alitaka kukufunga tumbo?" Grace aliuliza. Nyuma yake lori lilikuwa linapiga honi. "Siku, amka. Hivyo ndivyo wanavyofunga kizazi. Wanachukua nguo, wanaisomea, wanakufunga nayo. Baada ya hapo hata uende Muhimbili mara saba."

"Mama Yassin anaswali, Grace."

"Na wanaoswali ndio wanaojua kusoma. Kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu. Huo uji unaokutoa jasho umeuchunguza?"

Hakuwa ameuchunguza. Kesho yake aliuchunguza. Alijongea jikoni bila viatu, polepole kwa kuwa nguvu bado zilikuwa chache, akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Bi Joha alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingiza mkono nyuma ya gunia la mkaa, akatoa chupa iliyofungwa kitambaa cheusi. Akamimina kwenye uji kitu kizito cha rangi ya giza, huku midomo ikimcheza. Kisha akairudisha chupa alikoitoa.

Sikuzani alirudi kitandani na moyo unamdunda hata kabla ya uji. Sasa alikuwa na ushahidi. Uji ulipoletwa alisema "asante mama," na Bi Joha alipogeuka akaumimina dirishani, ambako jike moja la kuku, jekundu, lilikuwa linaparua. Siku zile zote kuku yule alikunywa uji wa mgonjwa asubuhi na jioni. Sikuzani alimtazama akingoja aanguke. Kuku hakuanguka. Alinenepa, akang'aa manyoya, akawa anakuja dirishani mapema na kugonga ukutani kwa mdomo akidai haki yake.

Mtu mwingine angejiuliza. Lakini dhana mbaya ni kama kupe, ikishang'ata haiachii kwa kuvutwa. Sikuzani akajiambia kwamba kilichosomewa jina la mtu hakimdhuru kuku. Akaanza kuishi kwa maji na supu aliyojipashia mwenyewe, Bi Joha akiwa msikitini au sokoni. Nguo zilizidi kumpwaya. Alipojiangalia kwenye kioo aliona mifupa ya mabega ambayo hakuiona tangu usichana wake kijijini Rudewa, na badala ya kufurahi akasema, ananimaliza huyu.

Kilichomvunja kabisa kilikuja siku ya Ijumaa.

Alikuwa amelala mchana, akaamshwa na sauti za kunong'ona kwa Kisagara. Ya Bi Joha aliijua. Ya pili ilikuwa ya msichana. Sikuzani ni mjukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge, na kwao hapakuwa na lugha nyingine ila Kiswahili. Katika miaka minane alikuwa ameokota maneno machache tu ya ukweni, ya salamu na ya chakula. Kati ya maneno yale alisikia jina la Yassin. Akainuka, na kitanda kikalia. Nje pakawa na heka heka. Alipofika dirishani alimwona Bi Joha akimsukuma msichana kwenye mlango wa nyuma, mkono mgongoni, "haraka, haraka, asikuone." Msichana alijifunika mtandio usoni. Lakini dera la njano lilishikwa na upepo likamganda mwilini, na Sikuzani akaona tumbo. Mimba kubwa, ya kukaribia kujifungua.

Akakaa chini sakafuni.

Yote yalijipanga yenyewe. Msichana mwenye mimba anafichwa asionwe na mke. Jina la Yassin linatajwa. Mke analishwa kitu kinachomtoa jasho, anafungiwa uani, anatakiwa kufungwa tumbo, na majirani wameshaambiwa wote ila yeye. Ndiyo maana yule mama aliziba mdomo kwa kanga. Ilikuwa huruma. Mtaa mzima ulijua kwamba Yassin anapata mtoto na mwingine. Na yeye, mjinga, alikuwa amekwenda kukatwa tumbo ili huenda amzalie.

Hakulia. Maumivu yalikuwa yamepita mahali pa kulia.

Jumamosi asubuhi Bi Joha alipokwenda sokoni, Sikuzani alijifunga kanga mbili, akatia chupa yake ya maji mkobani, akapanda gari la Mikumi. Kila shimo la barabara lilimpiga tumboni. Alikunywa maji funda kwa funda kama alivyofundishwa, akipanga maneno yake. Alitaka kuyasema yakiwa machache na yaishe. Kama ni kweli, angechukua masufuria yake na kuondoka. Ndoa yake alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili muda wote huo, na sasa alikuwa tayari kuiachia.

Alimkuta Yassin mgahawani, gari la watalii limeegeshwa nje, anakunywa chai. Grace alimwona kwanza akadondosha mwiko. Yassin alisimama.

"Siku! Umekujaje? Mama alisema hutakiwi kutoka."

"Nimemwona," Sikuzani alisema.

"Umemwona nani?"

"Mwenye mimba."

Yassin akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia kioo kimevunjika chumba cha pili. "Mama alisema usimwone kwanza," akasema taratibu. "Alisema itakuumiza."

"Imeshaniumiza."

"Mimi niliona si vizuri kukuficha, mke wangu. Lakini mama alisisitiza sana."

Ilikuwa imetosha. Alikuwa amekiri mbele ya Grace na mbele ya chai yake. Sikuzani akasema, "Washa gari. Twende kwa mama yako, ukayaseme haya mbele yake na mbele ya huyo binti." Yassin akamtazama asielewe, na kwa kuwa alikuwa mtiifu, akawasha gari. Njia nzima hawakuongea. Mara mbili alimuuliza kama anaumwa, mara mbili alijibiwa kwa kutazamwa.

Walipofika Mabwerebwere, Bi Joha alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, anapeta ulezi. Kando yake alikuwa amekaa yule msichana wa dera la njano. Alipoliona gari akajiinua kwa tabu, akavuta mtandio usoni na kuelekea jikoni.

"Kaa hapo hapo!" Sikuzani akasema. "Leo hukimbii."

Bi Joha alikuwa tayari ameinuka, ungo umemwangukia miguuni. "Yassin! Umemtoa nje wewe? Arobaini haijaisha!"

Sikuzani hakusikia arobaini wala thelathini. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akaingiza mkono nyuma ya gunia la mkaa, akatoka na chupa yenye kitambaa cheusi na sufuria ya uji iliyokuwa inamngoja. Akamimina kikombe pale pale uani, uji ukamwagika nusu.

"Shikamoo mama," akasema, maana hata hasira haimtoi mtu adabu yote. "Kunywa."

"Nini, mwanangu?"

"Kunywa uji wako. Kama hujanitilia kitu cha kuniua ili mwanao aoe huyu, kunywa mbele yangu."

"Siku!" Yassin alipiga kelele.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Maneno yalikuwa yamesimama pale uani na kila mtu aliyatazama. Bi Joha alijifuta mikono kwenye kanga, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa bila kupumzika mpaka mwisho, akakipindua kikombe kuonyesha hakuna kilichobaki. Kisha akaichukua ile chupa, akafungua kitambaa, akamimina kiganjani akalamba.

"Asali," akasema. "Ya mizinga ya mume wa Imani, kule Zombo. Ulikataza sukari, nikaacha sukari. Asali si sukari, asali ni dawa ya kidonda. Naficha nyuma ya mkaa kwa sababu ya sisimizi, na kwa sababu Yassin tangu utoto akiona asali haiachi. Naisomea Fatiha ndipo naitia. Kama kumsomea mgonjwa Fatiha ni uchawi, basi mimi mchawi."

"Mume wa Imani?"

Msichana akateremsha mtandio. Sikuzani alimjua mara moja, akajiona mpumbavu. Alikuwa Imani, mtoto wa kaka yake Bi Joha, ambaye mara ya mwisho alimwona akiwa na sare za shule. Mwaka jana aliolewa na kijana wa Zombo. Sikuzani alituma vitenge, lakini harusini hakwenda kwa sababu ya magoti.

"Shikamoo, wifi," Imani akasema. "Nilikuja kliniki. Nikija huwa naleta asali. Yassin ndiye aliyekuwa ananitumia nauli, nilikuwa namwambia shangazi amshukuru."

Sikuzani alitafuta pa kushika. Hapakuwa na pa kushika, akashikilia hasira yake iliyobaki. "Basi kwa nini unafichwa? Kama ni wifi yangu na ana mume wake, kwa nini nisimwone?"

Bi Joha alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

"Ningemwekaje mwenye mimba mbele ya macho yako, na wewe umetoka kupoteza wako?"

Yule kuku mwekundu alikuja akaanza kudonoa ulezi uliomwagika. Hakuna aliyemfukuza.

"Wangu nani, mama?"

"Nilitaka arobaini iishe ndipo nikuulize. Sasa umeshatoka nje, basi nakuuliza leo." Bi Joha alikaa tena kwenye mkeka. "Yule mtoto mlimzika wapi? Yassin hajaniambia, na mimi nimeahidi sitauliza. Lakini mimi ni bibi yake. Kila alfajiri namwombea na sijui nielekeze uso wapi."

Na hapo, kidogo kidogo, Sikuzani akaanza kuona alichokiona mama mkwe. Sikukuu ya Idi iliyopita yeye Sikuzani alikuja na dera pana, akakataa pilau, akakimbia harufu ya nyama, kwa sababu daktari alikuwa amemwanzishia vinywaji vitupu kabla ya upasuaji. Hakusema lolote, na katika nyumba za huku mwanamke mwenye mimba changa hasemi lolote, husuda ina masikio. Kisha akapelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa, akarudi tumbo limeshuka, mikono mitupu, na mume anaomba asiulizwe. Mama gani wa Kilosa asingejumlisha? Bi Joha alijumlisha, akamleta kwake, akamtendea kama mzazi. Uji wa pilipili manga, maji ya moto, mkaja wa kufunga tumbo lirudi, arobaini ya kukaa ndani, na watoto wa majirani wasilie mbele yake. Na majirani walipoziba midomo kwa kanga, walikuwa wanazuia kilio.

Sikuzani alipiga magoti kwenye mkeka. Akainua dera upande, akamwonyesha. Vilikuwa vikovu vichache vidogo, vimetawanyika juu ya kitovu, kila kimoja hakizidi ukucha.

Bi Joha akainama. Alivigusa kwa kidole, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma. Alikuwa amezaa watoto saba na kupokea wa wenzake.

"Hapa hapakupita mtoto," akasema.

"Hapakupita, mama. Nilikatwa tumbo la chakula. Nipungue. Daktari alisema nikipungua huenda..." Akashindwa kumaliza. "Nilikuonea aibu. Nikamwambia Yassin asikwambie."

"Kwa hiyo hakuwepo."

"Hakuwepo."

Machozi yakamtoka Bi Joha bila sauti, akayaacha yateremke. "Nimemlilia sana," akasema. "Nimemlilia mtu ambaye hakuwepo."

Aibu ilimshika Sikuzani mpaka akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameketi dirishani wiki zote zile akitafuta sumu, na upande wa pili wa ukuta bibi huyu alikuwa anafanya matanga peke yake, kwa siri, ili asimwongezee mkwewe uchungu. Miaka minane Sikuzani alidhani kwamba ni yeye tu anayemlilia mtoto asiyekuja. Akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalia naye. Imani naye akalia, maana mwenye mimba hahitaji kubembelezwa ili alie. Yassin alisimama na funguo za gari mkononi, hajui aweke wapi macho.

"Nisamehe, mama."

"La asali nimekusamehe," Bi Joha akasema, akijifuta uso. "La sumu tutalizungumza siku nyingine. Sijalisahau." Akamgeukia Yassin. "Na wewe! Nikikuambia usiseme, husemi. Mkeo akikuambia usiseme, husemi. Mdomo umepewa wa nini?"

Aliinuka akaokota ungo, akamwagia kuku uji wote uliobaki, akaingia jikoni kupika mwingine. Imani alitaka kupita mlango wa nyuma kwa mazoea, akaambiwa apite wa mbele. Sikuzani alimfuata mama mkwe, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akamweleza kila kitu: kifuko cha yai, mafunda, kwa nini hata asali humtoa jasho. Bi Joha alisikiliza huku anakoroga, akiguna. Uji huu ulikuwa wa ulezi mtupu, mwepesi, hauna kitu. Sikuzani alipouonja ulikuwa mbaya kama chokaa ya ukuta, na ulishuka ukatulia.

"Mama," akasema baada ya kitambo. "Ulipokuwa unamwombea, ulimwita nani?"

Bi Joha hakugeuka. Aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria, akaufunika uji.

"Jina sikutajii," akasema. "Bado halijatumika."